Msamiati wa Mtoto na Vipindi vya Elimu vya Televisheni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wazazi, walezi na walimu wa chekechea wenye watoto wa hadi miaka 6. Tunazungumzia msamiati tu: maneno ambayo mtoto anayaelewa na yale anayoyatumia mwenyewe. Herufi, hesabu na maadili ni mada nyingine.

Kwani mtoto anajifunza maneno kwa kutazama TV, au ni maneno ya watengenezaji wa vipindi?

Anajifunza, ila kidogo kuliko wengi wanavyotarajia. Kipindi ambacho kimechunguzwa sana ni Sesame Street, kilichoanza kurushwa Marekani Novemba 1969. Mwaka 1990 Mabel Rice na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto kuanzia umri wa miaka 3. Waliokitazama zaidi wakiwa wadogo walikuwa na msamiati mpana zaidi walipofika miaka 5, hata baada ya elimu ya wazazi na ukubwa wa familia kuzingatiwa. Katuni za kawaida hazikuwa na matokeo hayo. Na kwa kundi la pili, lililofuatiliwa kuanzia miaka 5 hadi 7, faida hiyo haikuonekana, maana hapo mtoto ameshalipita somo lenyewe.

Sasa tazama kiwango. Mwaka 1988 Rice na Linda Woodsmall walitengeneza vipande vifupi vya katuni, jumla kama dakika 12, vikiwa na maneno mapya 20 ndani ya simulizi. Watoto wa miaka 5 walishika wastani wa karibu maneno 5. Wa miaka 3 walishika kama neno moja na nusu. Kwa hiyo kipindi kinachojigamba kwamba kinafundisha "maneno 50 kwa nusu saa" kinahesabu maneno yaliyotamkwa, si yaliyobaki kichwani.

Msimamo wetu katika majibu yote yanayofuata ni huu: kipindi kinamtambulisha mtoto kwa neno, na watu wa nyumbani ndio wanaolifanya likae. Ukiwa na kipindi kizuri bila mazungumzo, unapata nusu, na kwa mtoto wa chini ya miaka 2 na nusu hupati hata hiyo nusu.

Nianze akiwa na umri gani?

Kabla ya miezi 18 usihesabu kwamba TV itamfundisha chochote. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi 9 vikao 12 vya Kichina. Waliochezeshwa na mtu ana kwa ana walianza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliosikia maneno yaleyale kutoka kwa watu walewale kupitia skrini hawakuonyesha kujifunza chochote. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake waliwapa watoto wa miezi 12 hadi 18 video ya kufundisha maneno, waitazame mara kadhaa kwa wiki kwa muda wa wiki 4. Mwishoni hawakujua maneno zaidi ya watoto ambao hawakuiona kabisa. Waliofanya vizuri kuliko wote ni wale ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno yaleyale wayatumie katika shughuli za kila siku, bila video.

Sababu si kwamba picha haimvutii. Inamvutia sana. Shida ni kwamba mtoto wa umri huo anajua neno linahusu nini kwa kufuata macho ya anayesema, kwa kunyoosha kidole na kuona mkubwa anageuka, kwa kutoa sauti na kujibiwa. Mtu wa kwenye TV hamwoni wala hamjibu. Juu ya hayo, kuhamisha kitu kutoka kwenye picha bapa hadi kwenye kitu halisi ni kazi ngumu kwa ubongo wa umri huo.

Kati ya miezi 18 na 24 kungoja ni bora; ukiamua kuanza, iwe kwa dakika chache na ukiwa umekaa naye. Kuanzia miaka 2 hadi 3 majina ya vitu yanaingia vizuri, lakini vitenzi vinasumbua: katika utafiti wa mwaka 2009 wa Sarah Roseberry na wenzake, watoto wa chini ya miaka 3 walijifunza vitenzi vipya kutoka kwenye video pale tu mtu halisi alipowaonyesha kitendo pia. Kuanzia miaka 3 mtoto anaweza kuokota neno kwenye skrini peke yake, na miaka 3 hadi 5 ndiyo kipindi chenye mavuno.

Simu ya video ni kitu kingine kabisa. Bibi anayezungumza na mjukuu kwenye simu anamwona, anamjibu, anangoja zamu yake. Mwaka 2014 Roseberry na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kwa njia hiyo, lakini si kwa video iliyorekodiwa. Usiihesabu kwenye muda wa TV.

Muda gani kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: chini ya miaka 2 haupendekezi skrini, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kwa ajili ya msamiati huhitaji hata saa hiyo nzima. Dakika 10 hadi 15 zilizotazamwa kwa makini, zikafuatwa na maongezi, zinatosha.

Nitajuaje kipindi kinafaa? Vyote vinasema ni vya elimu.

Usisome maelezo yake. Chukua dakika 5 za katikati ya kipindi (mwanzo huwa umepambwa) na uzitazame mara tatu bila mtoto.

Mara ya kwanza zima sauti. Je, picha peke yake inaonyesha kinachotendeka? Kama mhusika anasimama tu na kuongea huku nyuma yake maua yanacheza, mtoto hana pa kulifunga neno.

Mara ya pili geuzia mgongo skrini na usikilize tu. Je, maneno yanasikika wazi, au muziki umeyafunika? Je, ni sentensi kamili, au ni kelele za "woow!", "haya!", "tazama hiki!"? Kipindi kinachosema "hiki" na "kile" muda wote kimeiachia picha kazi ya kusema, na mtoto hapati jina.

Mara ya tatu tazama na kusikiliza pamoja, ukiwa na kalamu. Chagua neno moja ambalo kipindi kinaonekana kulilenga na uweke alama kila linapotajwa. Unatafuta mambo haya:

- Linatajwa mara 5 au zaidi, na si kwa mpigo mmoja. Linarudi katika matukio tofauti.
- Linatajwa wakati kitu chenyewe kinaonekana. Neno likija sekunde kadhaa baada ya picha kubadilika, mtoto atalibandika kwenye picha mpya. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, hasa kwenye vipindi vilivyoingizwa sauti za lugha nyingine, kwa sababu sentensi ya tafsiri huwa ndefu kuliko ya awali na inachelewa kufika kwenye jina la kitu.
- Kitu kinaonyeshwa kwa sura zaidi ya moja: ngoma kubwa na ndogo, si ngoma moja nyekundu ileile.
- Mhusika anauliza kisha ananyamaza kweli, sekunde 3 au zaidi. Vipindi vingi vinauliza na kujijibu papo hapo.
- Kuna kisa kinachofuatika. Neno lililomo ndani ya kisa lina sababu ya kukumbukwa.

Picha zinazokatwakatwa kila sekunde mbili tatu ni dalili mbaya kwa umri huu. Mtoto anatumia nguvu zake zote kujua yuko wapi.

Anataka kipindi kilekile kila siku. Nimzuie?

La, mwache. Marudio ni faida. Blue's Clues, kilichoanza mwaka 1996, kilikuwa kinarusha kipindi kilekile siku 5 mfululizo kwa makusudi, na uchunguzi ulionyesha kwamba watoto hawakuchoka. Walielewa zaidi, na siku za mwisho walijibu maswali ya kipindi kwa sauti zaidi. Mara ya kwanza mtoto anafuata kisa, mara ya pili anajua kinachokuja, na mara ya tatu sasa ana nafasi ya kusikia maneno. Anayechoka ni mkubwa.

Rudia kipindi kimoja mara 3 hadi 5 ndani ya wiki, kisha badilisha. Ukiona ameanza kutamka mistari kabla ya wahusika lakini macho hayapo tena kwenye skrini, amekimaliza.

Nilenge maneno gani?

Maneno matatu kwa kipindi kimoja, yasizidi. Ukilenga kumi utajikuta unauliza maswali kama mtihani na mtoto atakukimbia.

Wengi wanakimbilia rangi, namba na majina ya wanyama. Si vibaya, ila hayo mtoto atayapata kila mahali. Tunashauri uchukue jina moja la kitu, kitenzi kimoja, na neno moja la aina ambayo haishikiki kwa mkono: hisia (wivu, hamu, kuudhika), mahali (katikati, pembeni, chini ya), au hali (laini, kavu, tupu). Haya ya mwisho ndiyo yanayomkwamisha mtoto anapoanza kusimuliwa hadithi na kusoma.

Kitenzi kinahitaji uangalifu wake. Katika Kiswahili hakisimami peke yake: mtoto anasikia "anamimina", "amemimina", "usimimine", "imemiminwa", na ni juu yake kugundua kwamba ndani ya vyote mna kitu kimoja. Kipindi kinachosema "anamimina maji" mara nane kwa umbo lilelile kinampa kipande kimoja kisichogawanyika. Ukiona hivyo, jaza wewe pengo: "Umemimina? Haya, nimiminie na mimi. Usimimine sakafuni." Ndivyo ilivyo pia kwa majina yanayobadilika sana kwenye wingi. Mtoto anayejua "meno" si lazima ajue "jino", na "ufunguo" na "funguo" kwake vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kwa miezi kadhaa. Taja umoja na wingi siku moja, vitu vikiwa mbele yake.

Wanasema "tazama naye". Ninakaa tu pale, au nifanye nini hasa?

Kukaa kimya kando yake hakutoshi. Mbinu yenye ushahidi imetoka kwenye usomaji wa vitabu: mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba mzazi anayeuliza, anayepokea jibu na kulirefusha anakuza lugha ya mtoto kuliko anayesoma tu moja kwa moja. Mwaka 2013 Gabrielle Strouse na wenzake walipima mbinu hiyohiyo kwa video za hadithi kwa watoto wa miaka 3, kwa wiki 4. Wazazi waliofundishwa kusitisha video na kuuliza, watoto wao walishika maneno ya hadithi zaidi ya wale ambao wazazi wao walionyesha tu mambo kwa kidole na kutoa maoni.

Kwa vitendo inakwenda hivi. Mtazamo wa kwanza usikatize kabisa. Mwache apate kisa. Mtazamo wa pili shika rimoti. Tuseme kipindi kinaonyesha barafu ikiwa juani, na neno ulilolilenga ni "yeyuka". Sitisha picha ikiwa bado ina barafu kidogo na maji pembeni.

— Barafu imekuwaje?

(Ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi tano.)

— Maji.

— Eeh, imeyeyuka, imekuwa maji. Kitu gani kimeiyeyusha?

— Jua.

— Kweli mwanangu, jua limeiyeyusha. Tukiiacha tena itakuwaje?

— Itayeyuka yote!

Bonyeza, endeleeni. Yote hayo hayafiki nusu dakika. Angalia kilichotendeka. Swali la kwanza halikuwa la "ndiyo" au "hapana". Jibu la mtoto halikuitwa kosa, ingawa alisema "maji" tu. Lilipokelewa na kuongezwa neno lililokosekana. Neno lenyewe limetajwa na mkubwa kwa maumbo mawili. Na mtoto hakuambiwa "sema yeyuka"; aliulizwa jambo ambalo jibu lake linalihitaji neno hilo.

Sitisha mara 2 au 3 kwa dakika 10. Ukizidisha kisa kinavunjika na mtoto anaanza kuichukia rimoti. Akikataa kabisa kusitishwa, usishindane naye: kwa siku mbili tatu zungumza kipindi kikishaisha, kisha jaribu kusitisha mara moja tu, mahali penye mashaka ("Unadhani ataingia?"). Hapo watoto wengi hukubali. Kama mnatazama matangazo ya moja kwa moja yasiyositishika, punguza sauti kwa sekunde 10 wakati wa wimbo au tangazo na uulize hapo.

Kosa la kawaida ni kuuliza "Hii ni nini?" kipindi kizima. Swali hilo linazaa majina tu. Changanya na "Anafanya nini?", "Kwa nini amenuna?", "Na wewe uliwahi?"

Sina muda wa kukaa naye. TV ndiyo inayonipa nafasi ya kufanya kazi.

Hilo tunalijua, na ushauri unaodai mzazi akae sofani kila siku hausaidii wengi. Kama unaweza mara moja tu kwa wiki, chagua mtazamo wa pili wa kipindi kipya. Siku nyingine mwache atazame marudio ya kipindi hichohicho, wewe ukiwa na kazi zako lakini masikio yakisikia. Unahitaji kukumbuka neno moja tu. Wakati wa kula au kuoga litumie: "Sukari imeyeyuka kwenye chai." Sentensi tatu za namna hiyo, kila moja mahali tofauti, ndani ya saa 24, zina uzito kuliko kuangalia kipindi cha nyongeza.

Andika maneno matatu ya wiki kwenye karatasi na uibandike jikoni, ili yeyote anayebaki na mtoto, awe dada, babu au jirani, ajue anachotumia.

TV ikiwa inawaka tu bila mtu kuitazama, si bado anasikia lugha?

Hapana, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoteza bila kujua. Mwaka 2009 Dimitri Christakis na wenzake waliwavalisha watoto wadogo vinasa sauti na kuhesabu maneno waliyoambiwa. Kila saa ya TV yenye sauti iliendana na upungufu wa maneno 500 hadi 1,000 ya watu wazima. Watoto wenyewe pia walitoa sauti chache zaidi. Watu wazima wanapokuwa na TV masikioni huzungumza kidogo, kwa sentensi fupi, na hukatiza michezo ya mtoto bila kujijua.

Kipindi cha elimu cha dakika 15 kisha taarifa ya habari na tamthilia mfululizo hadi usiku: hesabu hapo haikai sawa. Kipindi kikiisha, zima.

Anaimba nyimbo zote za kipindi, lakini nikimuuliza maneno hayajui. Kwa nini?

Kwa sababu wimbo unashikwa kama sauti moja ndefu. Mtoto anaweza kuhesabu moja hadi kumi kwa wimbo na asijue "nne" ni ngapi. Wimbo unasaidia matamshi na kumbukumbu, lakini mdundo unaunganisha maneno na kufuta mipaka yake. Utoe neno ndani ya wimbo: imbeni polepole na unyamaze kabla ya neno lenyewe ili alijaze yeye, kisha libadilishe ("leo si chura anayeruka, ni nani?"), halafu litumie bila wimbo kabisa. Akiweza la tatu, neno ni lake.

Kuna shida pacha na hiyo: neno kuganda kwa mhusika mmoja. "Dubu" inakuwa jina la yule dubu wa bluu tu. Dawa yake ni mifano mitatu nje ya skrini, yaani picha ya kitabuni, mwanasesere na mchoro mnaouchora wenyewe.

Kipindi kiko kwa lugha ambayo hatuizungumzi nyumbani. Atajifunza?

Maneno mawili matatu, ndiyo. Lugha, hapana. Bila mtu wa kuitumia naye, atabaki na majina ya rangi na salamu. Kwa msamiati wa msingi chagua kipindi kwa lugha anayoongea na watu anaowapenda, kwa sababu ndiyo itakayoendelezwa TV ikizimwa. Kama nyumba ina lugha mbili, jumlisha maneno ya lugha zote mbili unapokadiria msamiati wake. Kuhesabu ya lugha moja kunamfanya aonekane nyuma wakati hayuko nyuma.

Kipindi kikiwa cha lugha ya kigeni na hamna kingine, zima sauti na msimulie wewe. Mtoto wa miaka 3 hataona ajabu, na mara nyingi hilo ni somo bora kuliko sauti ya awali.

Manukuu chini ya picha yanasaidia?

Kwa asiyejua kusoma, hapana. Kwake ni michirizi. Akianza kusoma, kwenye miaka 6 na kuendelea, manukuu ya lugha ileile inayosikika yanasaidia kuunganisha neno la sikio na la maandishi.

Simu au tableti ni sawa na TV?

Kipindi ni kilekile, mazingira ndiyo tofauti. Simu inashikwa na mmoja, kichwa kimeinama, na mkubwa haoni kinachoonyeshwa kwa hiyo hana cha kuuliza. Spika yake ndogo pia inameza konsonanti: p na b, t na d zinafanana. Ukilazimika kutumia simu, isimamishe mezani kati yenu badala ya kumpa mkononi, usimwekee visikizi, pakua vipindi viwili vitatu ulivyokwisha kuvipima, na zima uchezaji wa kujiendeleza. Huo wa mwisho ndio unaompeleka mtoto kutoka kwenye kipindi cha maumbo hadi video za kufungua vinyago ndani ya robo saa.

Na kwa TV yenyewe: kama ina mpangilio wa sauti, punguza besi. Maneno yanatoka wazi zaidi kuliko kuongeza sauti kwa jumla.

Nitapimaje kama neno limeingia kweli?

Kwa ngazi nne, kutoka rahisi hadi ngumu.

1. Analitambua: mwekee picha 4, moja ikiwa ya neno lenyewe, umwambie anyooshe. Kwa kubahatisha tu atapatia mara moja kati ya nne, kwa hiyo rudia siku nyingine ukiwa umebadilisha mpangilio.
2. Analifanyia kazi: "Niletee kitambaa kikavu", bila kunyoosha kidole wala kukitazama kitambaa. Macho ya mzazi huvujisha majibu.
3. Analitamka ukimwonyesha kitu.
4. Analitumia mwenyewe, bila kuulizwa, mahali ambapo kipindi hakikufika.

Pima kabla ya kipindi, siku ya pili, na baada ya wiki moja. Kupima kabla ni muhimu; maneno mengi tunayoipongeza TV kwayo mtoto alikuwa anayajua tayari. Usishangae ngazi ya 1 ikija wiki kadhaa kabla ya ya 3. Kwa kawaida kuelewa hutangulia kusema. Baada ya wiki moja, neno moja kati ya matatu likifika ngazi ya 3, mnakwenda vizuri.

Darasani nina watoto zaidi ya 20 na TV moja. Inawezekana?

Inawezekana kwa vipande vifupi, dakika 6 hadi 8. Kabla ya kuwasha, onyesha vitu halisi vya maneno matatu na uvipitishe mikononi. Sitisha mara mbili tu, na badala ya kumwita mmoja mmoja, waambie wageukiane wawili wawili waelezane. Kwa nusu dakika wote 20 wanakuwa wamesema, ambapo kwa kunyoosha mikono wangesema watatu walewale wa kila siku. Waliokaa nyuma hawasikii: bora vikundi viwili vya watoto 10 kuliko kundi moja, kikundi cha pili kikiwa kinachora vitu vilevile. Vitu vya kipindi vibaki kwenye kona ya michezo wiki nzima.

Nina wa miaka 2 na wa miaka 5. Watazame pamoja?

Chagua cha mdogo, umpe mkubwa kazi ya kuuliza. Mkubwa anayemweleza mdogo wake neno analishika zaidi. Kipindi cha mkubwa kwa mdogo ni picha tu.

Mwanangu hasemi bado. Vipindi hivi vitamfungua mdomo?

TV si tiba ya kuchelewa kusema, na kuingoja ifanye kazi hiyo kunapoteza miezi yenye thamani. Mpeleke kwa mtaalamu kama amefika miezi 16 hadi 18 hana neno hata moja, kama amefika miaka 2 haunganishi maneno mawili yake mwenyewe ("maji baridi", "baba kuja"), au kama katika umri wowote alikuwa na maneno akayapoteza. Maneno aliyoyanakili kutoka kwenye kipindi na kuyarudia bila kumlenga mtu yeyote usiyahesabu kama mazungumzo, lakini yataje kwa mtaalamu.

Omba masikio yapimwe kwanza, hata kama unaamini anasikia. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio hugeuka ukimwita kwa sauti kubwa lakini anakosa konsonanti ndogondogo, na kusogelea TV au kutaka sauti iongezwe ni dalili ya kutaja. Nenda na orodha ya maneno anayoyasema, yaliyoandikwa kama anavyoyatamka yeye, pamoja na video fupi ya dakika mbili akicheza na mtu nyumbani, TV ikiwa imezimwa.